Shahada ya mtandaoni: hesabu saa kabla ya bando

Mwalimu wa Buhigwe akisema anasoma shahada kwa mtandao, ofisini hukosi atakayemwambia kwamba hiyo ni shahada ya simu, haina uzito wa ile ya kukaa darasani. Wenye hoja hii wana takwimu ya kuonyesha. Utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka 2019 ulipitia kozi ambazo Harvard na MIT, vyuo vikuu vya Marekani, huziweka kwenye edX, jukwaa la mtandaoni ambako mtu yeyote hujiandikisha bure, ukakuta kwamba kwa mwaka wa masomo 2017/18 waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3 ya waliojiandikisha.

Takwimu hiyo hunukuliwa nusu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kati ya waliolipia ili wapate cheti, waliomaliza walifika asilimia 46. Kozi ni zilezile na video ni zilezile. Kweli, anayelipa huwa ameshaamua tangu mwanzo, kwa hiyo si sahihi kusema ada ndiyo iliyomvusha. Lakini kozi ya bure hujiandikishi kwa zaidi ya dakika mbili, na aliyeingia kuangalia somo moja akatoka naye huhesabiwa ameacha. Kipimo hicho hakimfai mtu mwenye namba ya usajili, ada aliyolipa na ratiba ya mitihani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo vya mikoa Kigoma na Tabora, na mtihani wake hufanywa kwenye chumba chenye msimamizi, kwa kalamu na kitambulisho. Muuguzi wa Kaliua anayesoma hivyo haachi zamu wala mshahara, na wagonjwa wake hawabaki bila mtu kwa miaka mitatu.

Wanaoanguka huangushwa na saa. Kwa mfumo wa krediti wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza, kusoma, kuandika, kujiandaa na mtihani. Mwaka kamili wa shahada ya kwanza ni krediti 120, yaani saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 40, ni saa 30 kila wiki. Mwalimu aliye kazini hana saa 30. Akichukua nusu ya mzigo, krediti 60, zinabaki saa 15: saa mbili kila usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na tano za Jumamosi. Hizo zinawezekana, ila shahada ya krediti 360 itachukua miaka sita badala ya mitatu, na ni heri mwenzi wake nyumbani alijue hilo kabla ada ya kwanza haijalipwa. Anayejaza masomo yote ya mwaka kwa sababu mfumo wa usajili umemruhusu ndiye anayekutana na sapu, yaani mitihani ya kurudia, nne kwa mpigo.

Tena saa hizo hazilingani mwaka mzima. Nyumba inayolima tumbaku Urambo au Sikonge haina usiku wa kusoma wakati wa kukausha, maana moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, huangaliwa usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Mwenye shamba aweke masomo mazito katika muhula usiogongana na bani, na yale mepesi katika ule mwingine.

Bando ni hesabu rahisi kuliko watu wanavyodhani. Video inayotiririka kwa kilobiti 1,000 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, haifiki MB 30. Somo lenye saa 30 za mihadhara litakula GB 13.5 kwa picha, na chini ya GB 1 kwa sauti. Pakua slaidi kwanza, zima picha, sikiliza sauti huku slaidi ziko mbele yako. Video iache kwa masomo yanayohitaji kuona mkono wa mwalimu, kama hisabati.

Simu inatosha kusikiliza na kusoma. Kwa kuandika kazi ya kurasa kumi tafuta kompyuta, hata ya kuazima. Kazi ya mkono ikipigwa picha kwa kamera ya kawaida, kila ukurasa unaweza kufika MB 4, na kurasa kumi zikawa MB 40 ambazo mfumo utazikataa. Tumia programu ya kuskani, chagua nyeusi na nyeupe, uziunganishe ziwe PDF moja. Kwenye Moodle, mfumo wa masomo ambao vyuo vingi hupokelea kazi za wanafunzi, mwalimu anaweza kuuweka mfumo hivi kwamba faili ulilopakia linabaki rasimu mpaka ubonyeze kitufe cha kuwasilisha. Wengi hufunga ukurasa hapo wakiamini wamemaliza. Rudi uangalie hali ya kazi, piga picha ya skrini, na ufanye yote hayo siku moja kabla, kwa sababu saa ya mwisho kila mtu yuko kwenye mfumo na umeme haukuahidi kitu.

Kuhusu ithibati sitarefusha. Hakiki TCU kwamba chuo kinatambuliwa na kwamba programu yenyewe imeidhinishwa kufundishwa kwa masafa. Kwa chuo cha nje, uliza TCU habari ya utambuzi wa tuzo hiyo kabla ya kutuma hata shilingi. Na katika bajeti ya mtu wa Kakonko weka nauli na malazi ya Kigoma mjini kwa siku zote za mitihani.

Wanaopinga wana haki kwa kundi moja, nalo ni kijana aliyetoka kidato cha sita anayetaka sayansi. Hana kazi ya kulinda, hajazoea kujipangia siku, na titresheni, jaribio la maabara la kupima kemikali kwa matone, haijifunzwi kwa kutazama. Kwake chuo cha ana kwa ana ni bora, hata kikiwa mbali. Asipokuwa na namna ila mtandao, akiulize chuo kwa maandishi: maabara itafanyika mji gani, kwa wiki ngapi, na nauli ni ya nani.