Msomali wa Utange, Msomali wa Minneapolis

Kila mtu wa Mombasa anaijua ngazi ile, ingawa hakuna aliyeiandika popote. Juu wapo wenye asili ya Arabuni na Wahindi wenye maduka, wanafuata wabara wenye vyeo serikalini, halafu ndio sisi Wamijikenda, wa kukwea minazi na kubeba mizigo. Miaka ya tisini ikaongezwa daraja moja chini yetu na, ukweli usemwe, wengi walifurahi kupata wa kumdharau. Wasomali waliokimbia vita baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991 waliwekwa kambini Utange, na mitaani Kisauni wakapachikwa majina ambayo siyaandiki hapa.

Dharau ile haikuzaliwa kambini. Serikali ilikuwa imetangulia. Mwishoni mwa 1989 iliamuru Wasomali wote watu wazima wapigwe msasa, hata wale ambao babu zao walizaliwa Wajir na Garissa, na waliofaulu wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kile kipande tunachobeba sote. Aprili 2014 mambo yakahamia Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi: watu kwa maelfu walikamatwa, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Mtoto anayekua akiona jirani yake anadaiwa ushahidi wa Ukenya kila uchao, atamheshimu kwa lipi?

Hapa Minneapolis ngazi imepinduliwa. Msichana aliyewahi kuishi Utange, Ilhan Omar, alichaguliwa mwaka 2018 kuliwakilisha jiji hili katika Bunge la Marekani. Ukiingia Karmel Mall unakuta maduka ya nguo na dhahabu, vinyozi, hawala, sambusa na chai ya maziwa, na wenye maduka hayo ni Wasomali. Mwaka 2023 baraza la jiji liliruhusu adhana isikike nje ya misikiti nyakati zote tano. Mimi Mdigo inanifurahisha mno, lakini sijidanganyi kwamba ni sisi Wakenya tulioipata. Jamii ya Kisomali ina watu wengi, na watu hao wanapiga kura.

Wakenya wengi hapa tunafanya kazi ya kulea wazee. Wakala aliyeniandika ni wa Msomali, anayepanga zamu ni Msomali, na nilipokuwa sina hata historia ya benki, aliyenidhamini nipate nyumba alikuwa mama wa Kisomali ninayemwita Hooyo, yaani mama, hadi leo. Basi nimewatazama wenzangu wanaofika. Mtu anashuka kwenye ndege na misamiati yote ya Kisauni kichwani. Haupiti mwaka, utamsikia akisema "ndugu zetu Wasomali" na kuulizia harusi zao. Hakuna aliyemhubiria wala kumpeleka semina. Amejua tu nani anayeshika ratiba ya zamu.

Kuna wanaosema safari humfungua mtu macho. Ningeamini, kama si wale wale wanavyowasema Wamarekani weusi. Nimekaa mezani na mtu wa Likoni, Mpwani kama mimi, akaeleza kwa kujiamini kwamba Wamarekani weusi ni wavivu, wanapenda kulalamika, na nafasi wanazo ila hawazitaki. Nilicheka mpaka akakasirika. Ndiyo maneno yale yale, neno kwa neno, ambayo wabara wametupakaza sisi Wapwani tangu tuzaliwe! Tu wavivu, tunalalamikia ardhi, bandari iko kwetu na hatufanyi kazi. Alikuwa ameyabeba kutoka Likoni hadi Minnesota, akamtafuta wa kumvisha.

Si chuki yake binafsi, naona. Mgeni asiye na cheo anatafuta haraka kundi la kusimama juu yake, na jamii ya hapa inamwonyesha lipo wapi. Mei 2020, George Floyd alipouawa na polisi katika jiji hili hili, baadhi ya Wakenya walinyamaza kidogo, maana polisi akikusimamisha usiku hakuulizi kama wewe ni wa Kwale. Wenye watoto wa kiume waliozaliwa hapa walibadilika zaidi. Hao hawana pa kujitenga, watoto wao ndio Wamarekani weusi wenyewe.

Februari 2025 Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa wa ziada kwa wanaoomba kitambulisho katika kaunti za mpakani umefutwa. Nilidhani kikundi chetu cha WhatsApp cha Wakenya wa Minnesota kitashangilia. Lo! Yalirudi majina yote ya Kisauni: nchi imeuzwa, watatujaa, kura zitaibwa. Walioandika hivyo nawajua, na wawili wamepanga nyumba za Wasomali. Nikawauliza kama wako tayari kumsomea mwenye nyumba ujumbe ule. Mmoja akajibu kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, hayahusiani na huku. Kwa mtazamo wake hakuna mgongano wowote. Hapa ni mpangaji, Kenya bado ana mtu chini yake, na hiyo nafasi ya Kenya hataki kuipoteza akiwa mbali.