Mwambie mtoto aume, kisha umvute shavu

Mwanangu wa pili alipofikisha miaka minane, kilichoninyima raha ni meno yake ya mbele ya chini. Yalikuwa yamebanana, moja limejipinda, jingine limesukumwa nyuma. Nikampeleka kwa daktari wa kupanga meno. Aliyatazama kidogo tu, akasema, "Haya yanaweza kusubiri, mama." Kisha akamwambia mtoto aume polepole. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona miaka yote niliyomsugua mswaki: taya la chini liliteleza kushoto, na magego ya juu ya upande huo yakaangukia ndani ya yale ya chini.

Hali hiyo huitwa krosibaiti. Tangu siku ile naamini kwamba wazazi tunahangaikia meno yanayoonekana kwenye picha, huku tatizo lisilopenda kusubiri likijificha nyuma ya shavu.

Kwa kawaida meno ya juu huyafunika ya chini kwa nje, pande zote. Taya la juu likiwa jembamba, iwe kwa kurithi au kwa kunyonya kidole miaka mingi, magego hugongana ncha kwa ncha. Mtoto hatalalamika. Atasogeza taya pembeni apate pa kutafunia, na akizoea hivyo wakati mifupa inakua, uso wenyewe unaweza kukua umeegemea upande mmoja.

Kaakaa la mtoto lina mshono katikati, yaani mstari ambapo mifupa miwili hukutana, ambao bado haujakaza, na kifaa cha kutanua taya hutumia nafasi hiyo. Hushikizwa kwenye magego, kikiwa na skrubu ndogo ambayo mzazi huizungusha kwa ufunguo kama daktari alivyoelekeza. Kila mzunguko hupanua takriban robo milimita. Niliogopa sana pengo lilipotokea kati ya meno mawili ya mbele ya juu. Kumbe ndiyo dalili kwamba mshono umefunguka, na lilijifunga lenyewe baadaye. Upanuzi ukiisha, kifaa hubaki mdomoni miezi kadhaa ili mfupa mpya ujaze. Mshono huo huzidi kukaza kuanzia balehe, na kwa mtu mzima kazi hiyo hiyo inaweza kudai upasuaji.

Jino moja la mbele la juu likikaa nyuma ya la chini, hilo nalo lisicheleweshwe: meno husagana, na ufizi wa jino la chini unaweza kushuka.

Msongamano ni habari nyingine. Meno ya kudumu ya mbele ni mapana kuliko ya utoto, kwa hiyo kubanana kidogo kwenye umri wa miaka saba au minane, milimita moja au mbili, mara nyingi hupungua taya likikua. Waya kamili kwa kawaida husubiri meno mengi ya kudumu yatoke, kwenye miaka 11 hadi 13. Ukiambiwa mtoto wa miaka minane afungwe waya kwa sababu ya kubanana tu, uliza kwa nini sasa. Una haki ya kupewa jibu linaloeleweka. Na hata aliyetanuliwa taya mapema anaweza kuhitaji waya baadaye, mwanangu alizihitaji.

Kauli inayoniudhi ni ile ya "ya utoto yatang'oka tu". Gego la utoto likioza na kung'olewa kabla ya wakati, gego la kudumu linaloota kwenye miaka sita husogea mbele na kula nafasi ya jino ambalo halijatoka. Msongamano mwingine tunautengeneza wenyewe namna hiyo. Likilazimika kung'olewa, muulize daktari kuhusu kifaa cha kushika nafasi.

Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani hushauri mtoto achunguzwe kabla hajapita miaka 7. Nyumbani unaweza kuanza leo: mwambie aume kwa magego, vuta shavu kwa kidole, angalia ya juu yamekaa wapi. Kisha mwambie afumbue na kufumba polepole, macho yako yakiwa kwenye kidevu.