Tufungulieni masanduku hata kabla hayajapangwa

Kwenye hifadhi ya nyaraka za kale, mtafiti anaambiwa nyaraka zipo, ila hazijapangwa, kwa hiyo hazisomwi. Zitapangwa lini? Hakuna anayejua. Mfanyakazi aliyekuwa akizishughulikia amehamishwa, bajeti imekatwa, na masanduku mapya yanazidi kuingia kuliko yanayotoka mezani. Msimamo wangu ni kwamba jibu hilo halitoshi. Sanduku ambalo halijapangwa lisomwe, ila kwa masharti.

Mwaka 2005 Mark Greene na Dennis Meissner, watunza nyaraka wawili wa Marekani, waliandika makala iliyozua ubishi mkubwa katika fani yao. Hoja yao ilikuwa kwamba tunachelewa kwa sababu tunang'ang'ania kazi ndogondogo: kung'oa pini na klipu, kuhamishia karatasi kwenye majalada mapya, kupanga barua mojamoja kwa tarehe. Kwa nyaraka nyingi za karne ya 20, walisema, wastani wa saa 4 kwa kila futi moja ya ujazo unatosha, kwa sharti kwamba kazi iishie kwenye kundi au jalada, isishuke hadi karatasi moja. Wapo waliowaona wanahalalisha kulipua kazi. Mimi naona walisema kweli. Klipu ya chuma kwenye chumba kikavu chenye joto la wastani inaweza kukaa miaka mingi bila kudhuru chochote. Mtafiti aliyekosa barua iliyofungiwa sandukuni ameshamaliza tasnifu yake bila hiyo.

Lakini kinachoniudhi hasa ni mlango wa nyuma. Mahali pengi masanduku hayo "yasiyosomwa" husomwa. Profesa mwenye jina anapiga simu, anaandaliwa meza pembeni, anafunguliwa. Mwanafunzi aliyeomba nyaraka zilezile anajibiwa kwa barua ya heshima kwamba asubiri. Nimewahi kuipokea barua ya namna hiyo, kisha nikakuta nyaraka zilezile zimetajwa kwenye tanbihi za kitabu kipya. Chama cha watunza nyaraka cha Marekani na kile cha maktaba cha huko huko wana tamko la pamoja linalopinga upendeleo wa aina hii. Kama hali ya sanduku inaruhusu mmoja alisome, basi liko wazi kwa wote.

Hofu ya siri za watu ni ya haki, wala siidharau. Majalada ya wagonjwa, ya nidhamu ya wafanyakazi au ya kesi za watoto hayawezi kutupwa mezani hivihivi. Ila hatari hiyo haijasambaa sawasawa kwenye kila sanduku. Mihtasari ya vikao vya chama cha ushirika si sawa na faili za zahanati. Muulize aliyetoa nyaraka siku ileile anapozikabidhi: yapi ni ya faragha, yamekaa wapi? Kisha chungulia majalada machache ya kila kundi, tenga yanayotia shaka, mengine yaachie.

Kuhusu wizi, dawa zipo na si ghali: jalada moja mezani kwa wakati mmoja, mtu wa kusimamia, na sanduku kupimwa kwenye mizani kabla na baada ya kusomwa. Njia hiyo inatumika, na karatasi chache zikipungua gramu zinasema.

Kabla ya yote hayo, chapisheni daftari la mapokezi, lile mnaloandikia kila mzigo wa nyaraka unapoingia. Najua ni baya. Limejaa mistari kama "barua mbalimbali, sanduku 3 hadi 9" na majina yaliyokosewa. Lichapisheni hivyohivyo, kwa onyo. Afadhali nisafiri nikijua nafuata sanduku la barua mbalimbali kuliko kutojua kabisa kwamba lipo. Watafiti nao watoe kitu: anayeshinda kwenye sanduku lisilopangwa aache orodha ya alichokikuta, hata kama ni ya mkono. Wengi wetu tungefanya hivyo kwa furaha, tungeombwa tu.

Kuna tatizo moja ambalo watetezi wa msimamo huu hulipita haraka. Nikinukuu "sanduku 7" leo, na mwakani mkusanyo ukapangwa upya, tanbihi yangu imekufa. Kwa hiyo namba ya mapokezi isifutwe kamwe, na kila upangaji uambatane na jedwali la namba za zamani na mpya. Jedwali hilo huchukua muda mfupi kuliandaa wakati wa kupanga. Miaka kumi baadaye, hakuna anayeweza kulitengeneza.