Mililita 100, losheni ya begini na launji: nani hasa anayelipia usalama wa ndege?

Julai 2025 viwanja vya ndege vya Edinburgh na Birmingham kule Uingereza viliruhusu abiria kupita ukaguzi na chupa za hadi lita 2 kwenye begi la mkononi, hutoi kitu, huweki kwenye kamfuko, unapita tu. Tangu hapo huku kwetu Mwanza kila mwenye safari anauliza eti ile ishu ya mililita 100, yani kila chombo cha kimiminika kwenye begi la mkononi kisizidi hapo, si imeisha? Haijaisha wakuu. Ruhusa ile inafuata mashine, haimfuati abiria. Ukitoka Mwanza ukaunga Dar, halafu Addis Ababa au Doha, halafu huko unakoenda, kila uwanja unaokukagua una mashine yake na msimamo wake, na yule mkali kuliko wote ndiye anayeamua hatima ya losheni yako.

Na hata huko Ulaya wenyewe hawajatulia. Viwanja kadhaa vilinunua skana mpya, vikalegeza, halafu Umoja wa Ulaya ukasema kuanzia 1 Septemba 2024 turudi kwenye mililita 100 kwanza maana hizo skana kuna mambo ya kiufundi hayajakaa sawa, halafu 2025 wakaanza tena kuruhusu baadhi. Kama wenye hela wanaenda mbele wanarudi nyuma hivyo, mtu wa Igoma hapa Mwanza atajuaje leo kunapita nini?

Sasa kuna watu wanasema sheria yote hii ni maigizo tu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, na sababu zangu ni hizi. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walikamata kundi lililopanga kuingiza vilipuzi vya maji kwenye ndege za kwenda Marekani na Kanada, vimewekwa kwenye chupa za soda za kawaida kabisa, kitu cha msingi kikiwa kemikali ya haidrojeni peroksaidi, na mwaka 2009 watatu wakatiwa hatiani kwa njama hiyo ya kulipua ndege. Ndo chanzo cha mililita 100 tunayoijua, Marekani wakaanza Septemba 2006, Ulaya Novemba mwaka huohuo. Ila si kwamba kabla ya hapo hakukuwa na kitu. Novemba 1987 ndege ya Korean Air namba 858 ililipuliwa, watu 115 wakafa, na sehemu ya kilipuzi ilikuwa kwenye chupa ya pombe. Desemba 1994 gaidi Ramzi Yousef alipitisha nitrogliserini, kilipuzi cha maji, kwenye chupa ya dawa ya kusafishia lenzi za macho, akaitega chini ya kiti kwenye ndege ya Philippine Airlines, akashuka kituo cha katikati, abiria mmoja Mjapani aliyekaa pale baadaye akafa na ndege ikatua Okinawa kwa tabu sana. Kwa hiyo mtu asiniambie chupa haiwezi kuangusha ndege.

Shida ya mashine za zamani ni kwamba zinapiga picha ya upande mmoja au pande mbili, mkaguzi anaona umbo la chupa lakini kilichomo ndani hakitofautishi vizuri, maji na peroksaidi vinakaribia kufanana pale kwenye skrini. Hizi mpya zinafanya kama zile CT za hospitali kubwa, zinazungusha picha, zinakadiria densiti ya kitu chenyewe, yani uzito kwa ujazo wake. Mpaka uwe nazo, njia rahisi ni kupunguza kiasi: kila chombo kisizidi mililita 100, vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa wazi wa lita 1 unaofungwa.

Upande wa pili nao wana hoja na sio za kipuuzi. Kwanza kinachopimwa ni chombo, sio kilichomo, yani una chupa ya mililita 250 imebaki losheni ya kukwangua kwa kidole, inatupwa. Pili watu wanne wakikutana ndani na mifuko yao ya lita moja moja tayari wana lita 4. Tatu, na hili ndo huwa linawachekesha watu, kama kweli tunahofia ile chupa ni bomu, mbona inatupwa kwenye pipa lililo katikati ya foleni ya watu mia? Jibu la kweli ni kwamba hakuna anayehofia losheni yako wewe, wanachofanya ni kukwepa kufungua chupa moja moja ya kila abiria, maana ndege haitaondoka. Ni sheria ya kuokoa muda na kupunguza uwezekano. Mimi hilo nalielewa. Ninachogombana nacho ni mzigo wake unavyogawanywa.

Angalia kinachohesabika kuwa kimiminika. Sio maji na soda tu. Dawa ya meno imo, mafuta ya mgando yamo, jeli ya nywele, deodoranti ya kupaka, pafyumu, shampuu, sabuni ya maji, hata siagi ya karanga. Ukija kwenye vitu vyetu vya huku ndo utachoka: dagaa waliokaushwa wa Mwaloni Kirumba kwenye skana hawana neno, sangara wa moshi naye hivyohivyo (harufu ni kesi yako na jirani wa siti, na huko unakoenda wanaweza kuwa na sheria zao za vyakula), lakini samli haipiti, asali haipiti. Mama katoka Magu anaenda kumuona mjukuu nje, kabeba samli ya ng'ombe wake mwenyewe kwenye kopo, kijana wa ukaguzi anamwambia "mama samahani, hii haipiti", mama anajibu "mwanangu, hayo ni mafuta tu ya kula", na wote wawili wako sahihi, na samli inabaki. Huyo mama hajawahi kuambiwa. Kapanda meli ya Bukoba maisha yake yote na dumu la lita 20, hakuna aliyemuuliza kuna nini ndani.

Na hiyo samli wala haikuwa na tatizo kwenye ndege! Ingekaa tu kwenye begi kubwa linaloenda chini. Huko chini masharti ni mengine kabisa, vipodozi na dawa za kupuliza jumla lita 2 au kilo 2 kwa mtu na kila kopo lisizidi mililita 500, pombe ya kati ya asilimia 24 na 70 mwisho lita 5, kwa hiyo hata Konyagi yenye asilimia 35 inasafiri bila shida ukiifunga vizuri. Maziwa ya mtoto na dawa za hospitali zinapita hata begi la mkononi kwa kiasi kinachohitajika njiani, ila uziseme mapema na cheti cha daktari kiwe karibu. Tatizo ni kwamba taarifa inamfikia abiria wakati begi kubwa limeshaondoka na mkanda. Wengi wa huku tunaijua sheria hii tukiwa tayari tuko kwenye foleni ya jengo la 3 pale Dar, viatu mkononi.

Haya, tuje launji maana ndo kiini cha malalamiko yangu.

Launji, yani zile sehemu maalumu za abiria kupumzikia, kwenye viwanja vikubwa ziko ndani, baada ya ukaguzi. Ukishapita pale ulipotupa vitu vyako unakuta sehemu ina bafu, shampuu ipo ukutani kwenye chupa kubwa ya kubonyeza, losheni ipo, sabuni ya maji ipo, maji ya kunywa na juisi unajimiminia mpaka utosheke. Yani kila ulichonyang'anywa kiko humo, tena kwa ujazo mkubwa kuliko uliokuwa nao! Mtu wa kawaida akiona hivyo anasema hapa tunachezewa. Kwa haki ya wenye launji niseme, hakuna ukinzani hapo, mizigo inayoingia ndani ya eneo lile inakaguliwa kwa njia yake kabla ya kufika, sio kwamba kuna losheni zilizopitishwa mlango wa uani. Na ni biashara, anayelipa anahudumiwa, bila hao wa daraja la biashara huenda hata tiketi zetu za nyuma zingepanda bei.

Lakini hebu fikiria nani anaingia. Mwenye tiketi ya daraja la biashara, mwenye kadi ya shirika la ndege ya wanaosafiri mara kwa mara, mwenye kadi fulani za benki, au anayelipia mlangoni kwa dola. Hao ndo sheria imewagusa kidogo kuliko wote kwa sababu kila walichoacha nje wanarudishiwa ndani. Aliyebaki kwenye viti vya chuma na saa saba za kusubiri ndege ya kuunganisha ndo kapoteza losheni, kapoteza maji, na maji ndani yanauzwa bei ambayo pale Buzuruga ungenunua katoni. Gharama ya usalama ni ya wote, fidia ni ya wachache. Watetezi watasema basi beba chupa tupu ujaze ndani, ni kweli chupa tupu inapita, ushauri mzuri sana kwa uwanja wenye mabomba ya maji ya kunywa yanayoonekana. Usio nayo je?

Alafu hizo losheni za launji zenyewe tuwe wakweli. Hewa ndani ya ndege ni kavu, unyevu kwa kawaida hauzidi asilimia 20, ngozi inapauka mpaka unaona aibu kutoa mkono, na kile kimaji chenye harufu ya ndimu hakimalizi hata saa moja. Mtu aliyezoea mafuta ya mgando kopo la bluu hawezi kuelewana nacho. Hapo mwenye launji na asiye nayo wanalingana kidogo.

Kuna kitu kingine hakizungumzwi sana. Sheria ilitusukuma kwenye vichupa vidogo, sasa hoja ya kulinda mazingira inavifuta. Kampuni ya hoteli IHG ilitangaza 2019 kuachana navyo, California imevipiga marufuku kwenye hoteli zenye vyumba zaidi ya 50 tangu 2023, ndo maana kila mahali unakuta chupa kubwa imebanwa ukutani. Wale waliokuwa wanaokota kichupa cha hotelini wakitumie eapoti wanaachwa. Huku kwetu Juni 2019 tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki, serikali iliacha mlango wazi kwa ile mifuko ya wazi ya kufunga inayobebea vipodozi vya wasafiri, kwa maelezo kwamba mgeni ataondoka nayo. Mimi naona walifikiria vizuri pale, bila hivyo ungebanwa na sheria mbili kwa wakati mmoja. Na sisi kiasili tuna afadhali, maana kununua kidogokidogo ndo maisha yetu, Makoroboi unapata mafuta ya mililita 50, dawa ya meno ndogo, mche wa sabuni ambao hauhesabiki popote kuwa kimiminika. Aliyezoea pakiti kubwa ndo anayelia zaidi.

Msimamo wangu basi: sheria ibaki mpaka skana zifike, sitaki majaribio na roho za watu. Ila viwanja vibebe sehemu ya mzigo, si tunalipa tozo ya huduma ya abiria ndani ya kila tiketi? Pale kaunta kabla begi kubwa halijaondoka mhudumu aulize kwa Kiswahili, una mafuta, asali, samli, losheni kubwa? Swali la sekunde kumi. Maji ya kunywa ya bure yawepo baada ya ukaguzi, na yeyote asiye na kadi apate sabuni na bomba la kunawa uso kwa heshima bila kulipa dola.

Na kuhusu skana mpya zianzie wapi, ndugu zangu wa huku mtanisamehe, mimi ni wa Mwanza lakini nasema zianzie Dar. Ukiweka hapa kwetu kwanza, abiria atapita na chupa yake ya lita moja kwa raha zake, akifika Dar kuunga ndege ya nje anakaguliwa upya na mashine ya zamani, chupa inatupwa palepale. Ikianzia Dar angalau inawagusa wa Mwanza, wa Mbeya na wa Dodoma kwa mara moja, halafu huko mbele Addis na Doha wana yao.