Kamera ya Mirihi na vyuma vyetu vilivyokufa

Chombo kikitua Mirihi, haipiti siku nyingi kabla kamera ya HiRISE, iliyomo kwenye satelaiti ya Marekani ya Mars Reconnaissance Orbiter, haijatuletea picha yake: kidoa king'aavyo juu ya udongo mwekundu, na mwavuli wake wa kushukia umetandazika pembeni. Watu hushangilia. Halafu huja lawama: kamera iliyopelekwa kusoma miamba na mabonde ina biashara gani na vyuma vyetu wenyewe, hasa vile ambavyo vimekwisha kufa?

Lawama hiyo ina uzito. Satelaiti hiyo, iliyofika Mirihi Machi 2006, hupita kilomita 300 hivi juu ya ardhi kwa mwendo wa zaidi ya kilomita tatu kwa sekunde. Kulenga mahali pasipokuwa chini yake hasa ni mpaka satelaiti nzima ilale ubavu, na kamera na vipimo vingine vilivyomo humo viahirishe kazi zao. Picha zake ni nzito na nafasi ya kuzituma duniani hugombaniwa. Tena picha zenyewe zinaweza kudanganya. Pikseli moja ni sentimita 30 hivi za ardhi, kwa hiyo chombo cha mita mbili ni pikseli sita au saba tu, na ndani ya pikseli sita mtu huona anachokitamani. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba huenda Mars Polar Lander, chombo cha Marekani kilichopotea Desemba 1999 kikienda kutua Mirihi, kimeonekana katika picha za satelaiti nyingine iliyotangulia. Mwaka uleule picha bora zaidi ilionyesha kuwa hakikuwa chombo.

Pamoja na hayo, wanaoziita picha hizi anasa nadhani hawajaitazama vizuri kesi ya Beagle 2.

Chombo hicho kidogo cha Uingereza kiliachiwa na Mars Express, satelaiti ya Ulaya iliyokibeba, tarehe 19 Desemba 2003, kitue siku ya Krismasi kwenye uwanda wa Isidis. Hakikutoa hata mlio. Uchunguzi uliofanywa mwaka uliofuata haukupata hitilafu moja ya kiufundi ya kuibebesha lawama. Ulichokiona ni udhaifu katika uendeshaji wa mradi. Asiyekuwepo na lake halipo: wengi wakahitimisha kwamba kilijibamiza ardhini, na mradi ule ukawa mfano wa kutajwa kila mtu alipotaka kuonya juu ya kwenda anga za mbali kwa fedha kidogo. Profesa Colin Pillinger, aliyeuongoza, alifariki Mei 2014 hali ndiyo hiyo.

Januari 2015 kikapatikana. Michael Croon, aliyewahi kufanya kazi katika kikosi cha Mars Express, alikuwa amezipekua picha za HiRISE akaona vitu visivyofanana na mawe yaliyovizunguka. Kilikuwa kilomita tano tu kutoka katikati ya eneo lililolengwa, na karibu nacho kilichoonekana kuwa mwavuli na kifuniko cha nyuma. Kilikuwa kizima, baadhi ya paneli zake nne za sola zikiwa zimefunguka. Antena ilikuwa chini ya paneli ya mwisho, kwa hiyo isipofunguka ile moja, hakuna mawasiliano.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikifikiria suala hili. Ngao ya joto ilifanya kazi, mwavuli ukafanya kazi, mifuko ya hewa ikafanya kazi. Sehemu zile ambazo kwa miaka 11 zilishukiwa kuliko zote zilikuwa hazina kosa. Mhandisi anayebuni chombo kingine angefanya nini na hukumu ya zamani? Angeimarisha mwavuli ambao haukuwa na tatizo, akaiacha bawaba ya paneli ilivyo. Ni kweli kwamba mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha De Montfort, kwa kulinganisha mng'ao wa pikseli zile na mifano ya kompyuta, walisema paneli tatu zilifunguka na pengine hata ya nne, na ubishi ukaanza upya. Lakini kubishana juu ya paneli ya nne si sawa na kubishana kama chombo kilifika.

Hata kwa chombo ambacho kifo chake kinajulikana, picha ina kazi. Phoenix, chombo cha Marekani kilichotua kaskazini mwa Mirihi, kilinyamaza Novemba 2008, majira ya baridi yalipokikaribia. Mwaka 2010 satelaiti ya Odyssey ilikuwa bado inakitegea sikio. Majaribio hayo hayakujibiwa na kazi ya kusikiliza ikasitishwa, huku picha mpya ikionyesha kivuli chake kimepungua, dalili kwamba paneli ziliharibika kwa uzito wa barafu. Muda wa kamera ulitumika, ndiyo, lakini ulitueleza kwa nini hakukuwa na jibu.

Suala la Zhurong ni gumu kidogo. Roboti hiyo ya China ililala Mei 2022, na picha za HiRISE za hadi Februari 2023 zilionyesha haijasogea, wakati Wachina wenyewe walikuwa bado hawajaeleza. Kuna walioona huko ni kuchungulia ya jirani. Mimi sioni hivyo. Ardhi ya Mirihi haina mwenyewe.

Ninachokubaliana na wakosoaji ni tahadhari: asitangaze mtu amekiona chombo kwa picha moja, asubiri jua liwe upande mwingine na vivuli vibadilike. Kwa masharti hayo ningependa Mars Polar Lander kiendelee kutafutwa karibu na ncha ya kusini. Wachunguzi walidhani injini zake zilizimika mapema, mita 40 hivi juu ya ardhi, baada ya mtikisiko wa miguu kudhaniwa ni kutua. Hiyo ndiyo dhana yenye nguvu kuliko nyingine, na bado ni dhana, kwa sababu mabaki hayajaonekana.