Wamepima mchele wa nani?

Oktoba 2022 mfumuko wa bei hapa Uingereza ulifika asilimia 11.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 41. Kwa mwezi huohuo Ofisi ya Taifa ya Takwimu kule nyumbani Tanzania ilitangaza asilimia 4.9. Nikafurahi kama mtu aliyeokota hela. Mama alipopiga simu kutoka Tanga kusema ninachotuma hakitoshi, nikamjibu kisomi: "Mama, huko bei zimepanda kidogo tu. Moto unawaka huku."

Akanyamaza kidogo. "Hiyo nne na nukta, baba, wamepima mchele wa nani?"

Sikuwa na jibu, na mimi ndiye niliyesoma. Fahirisi ya bei, kipimo kinachotoa mfumuko wa bei, ni kapu la vitu: gharama yake mwaka wa kizio, yaani mwaka wa kulinganishia, inaitwa 100, kisha kapu lilelile linapigiwa bei za leo. Kila kitu hupewa uzito kwa wastani wa matumizi ya kaya za nchi nzima. Kwenye kapu la Tanzania chakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28.2, hapa Uingereza havifiki hata nusu ya hiyo. Kinachobaki ni kodi ya nyumba, usafiri, simu, mpaka hoteli. Mama anakaa kwake, hana gari, na hotelini anakwenda kwenye harusi za watu. Pesa yake karibu yote inaishia jikoni: mchele, unga, maharage, mafuta ya kula, mkaa.

Tuseme vitu hivyo kwa mwezi vilikuwa shilingi 80,000 mwaka jana, sasa ni 100,000. Gawanya, zidisha kwa 100, unapata 125. Robo nzima imeongezeka, na tangazo la 4.9 halijasema uongo wowote.

Aibu yangu ni kwamba kilio hichohicho nilikuwa nacho kazini. Machi 2023 wastani wa hapa ulikuwa 10.1 huku chakula kikipanda kwa zaidi ya 19, na mimi mshahara wangu unaishia dukani. Nilimnung'unikia bosi kwa hoja zilezile za mama.

Siku hizi kila tarehe mosi mama ananitumia orodha yake kwa WhatsApp, nami napiga hesabu kabla ya kutuma. Niliwahi kumsimulia kwamba Waingereza hupitia kapu lao kila mwaka, na 2022 waliingiza soseji zisizo na nyama. Alicheka sana.

Mwezi uliopita kwenye orodha nimekuta doti mbili za kanga. Kuuliza, naambiwa kapu limefanyiwa marekebisho.