Kiingereza tumekisoma kwa macho, masikio tukayasahau

Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kukuandikia barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza kinachoeleweka vizuri. Mweke mapokezi ya hoteli Nungwi au Paje, mgeni aombe taulo kwa sentensi moja, na utamwona anaganda. Nafundisha Kiingereza cha jioni kwa vijana wanaotafuta kazi za hoteli hapa Unguja, na jambo hili naliona kila darasa jipya linapoanza. Wengi wanaamini hawana kichwa cha lugha. Inaniuma, kwa sababu maneno wanayo. Hawajapata tu nafasi ya kuyasikia yakisemwa kama watu wanavyoyasema.

Mtazame mtoto wa shule ya serikali Tanzania Bara. Msingi wote amesoma kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, jiografia na hesabu vyote ni Kiingereza. Mwalimu akiona darasa limemkodolea macho, anaeleza kwa Kiswahili halafu anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza. Simlaumu, ndiyo njia aliyoachiwa. Mtoto ananakili, anakariri, na mtihani wa taifa anaujibu kwa kalamu. Kenya nako mtihani wa kidato cha nne una sehemu ya stadi za mazungumzo katika Kiingereza, ila huulizwa na kujibiwa kwa maandishi, wakati mwanafunzi wa Kifaransa katika mtihani uleule hupimwa kwa kusikiliza. Lugha ya kigeni ambayo wachache wanaichukua ina mtihani wa sikio, na ile inayobeba karibu masomo yote haina.

Kiswahili kimetudekeza, na nasema hivyo kwa mapenzi. Kila irabu tunaitamka, kila silabi inapata haki yake, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho isipokuwa kwa maneno machache kama barabara, ambalo mkazo ukihama linaacha kuwa njia ya magari na kuwa "sawasawa kabisa". Kiingereza hakina huruma hiyo. Kinachagua silabi chache za kuzikandamiza, zilizobaki kinazimeza. Mgeni wa Marekani akitaka maji ya moto kidogo atasema "Can I get a bit of hot water?" Daftarini ni maneno manane. Masikioni linaingia neno moja refu, karibu na hivi: kenagerabirahatwara. Zile t za katikati zimegeuka kitu kinachofanana na r yetu, na "of" imebaki pumzi tu. Mwingereza wa London naye anaweza kuziacha t kooni kabisa. Kijana anasubiri maneno manane aliyoyasoma, hayaji hata moja, anahitimisha kwamba ameambiwa jambo gumu. Ameombwa maji.

Kuna mahali kosa la sikio ni la hatari. Mgeni akisema "I can't eat cashews", ile t ya mwisho Wamarekani wengi hawaiachii isikike. Tofauti ya "can" na "can't" wanaiweka kwenye uzito: anayekubali anaipitisha "can" haraka kama haipo na kukikandamiza kitenzi, anayekataa anaikandamiza "can't" yenyewe. Mhudumu anayetafuta t haipati, anaandika kwamba mgeni korosho anakula. Watu wenye mzio wa korosho wanaweza kufa kwa kijiko kimoja cha mchuzi. Ndiyo maana zoezi hili nalianza wiki ya kwanza, kabla ya salamu za mapokezi na kabla ya sarufi yoyote. Linalofuata ni "fifteen" na "fifty", kwa sababu hapo ndipo ugomvi wa nauli za teksi unapozaliwa.

Dawa yake, kwa ninavyoamini, ni mazungumzo mafupi ya kila siku: watu wawili, jambo moja, dakika moja. Mtu anapanga chumba. Mtu anauliza duka la dawa. Mama anampigia simu fundi wa bomba. Rekodi ya dakika moja kwa ubora wa kawaida haizidi sana MB moja, kwa hiyo hata mwenye bando la kubahatisha anaishusha mara moja na kuisikiliza mwezi mzima. Tovuti za BBC Learning English na British Council zina nyingi za bure, pamoja na maandishi yake.

Hayo maandishi ndiyo mtego. Mwanafunzi akiyafungua kwanza, macho yanafanya kazi yote na sikio linalala. Kwangu karatasi inabaki imefunikwa. Tunasikiliza mara ya kwanza na swali ni moja: nani anamtaka nani afanye nini? Ukilijibu hilo, umeshaelewa zaidi ya unavyodhani. Kisha tunarudi na kalamu, sentensi moja moja, kila mtu anaandika alichosikia hata kama ni uji mtupu. Ni imla ileile ya zamani, isipokuwa msomaji si mwalimu anayekata maneno kama mihogo. Tunarudia mpaka hakuna jipya linaloongezeka. Hapo ndipo karatasi inafunuliwa, na hapo ndipo darasa linapiga kelele, kwa sababu yale maneno yaliyokuwa ukungu wanakuta wanayajua tangu darasa la tano. Binti mmoja aligundua kwamba ile "wona" iliyomsumbua jioni nzima ni "want to", akaipigia mstari mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Baada ya hapo tunasema pamoja na rekodi, kwa kasi yake, tukimeza wanapomeza. Mdomo uliowahi kumeza silabi unalisaidia sikio kuitambua siku nyingine.

Najua wengi watasema, si ni bora kuangalia muvi tu? Muvi ina muziki, mizinga na vitendo, na picha inakueleza kisa hata ukiziba masikio. Unakaa saa mbili, unatoka umeelewa hadithi, na Kiingereza kiko palepale. Taarifa ya habari nayo inasomwa na mtu aliyefunzwa kusoma, sentensi zimenyooshwa. Hakuna mgeni atakayekuagiza kahawa kwa sauti hiyo. Kuna pia Kiingereza cha polepole. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 matangazo ya Special English, yenye msamiati wa maneno kama 1,500 na kasi iliyopunguzwa, na yamewafaa wasikilizaji wengi duniani. Kwa anayeanza kabisa ni ngazi nzuri. Shida ni watu kukaa kwenye ngazi hiyo miaka, kwa kuwa ukipunguza kasi, umeviondoa vile vitu vyenyewe vinavyotushinda: maneno kuungana na silabi kumezwa.

Kwa wanaojiandaa kwenda Uingereza kusoma au kufanya kazi, hili si la hiari. Mtihani wa IELTS, ule wa kimataifa wa kupima Kiingereza, una maswali 40 ya kusikiliza, rekodi inapigwa mara moja tu, na sehemu ya kwanza huwa ni mazungumzo ya kawaida ya watu wawili, mfano mtu anayeweka nafasi ya kitu na kutaja jina na namba ya simu. Nimeona watu wenye shahada wakipoteza alama kwenye herufi za jina.

Ila tusijifungie kwenye sauti za London na New York. Mgeni anayefika Zanzibar leo anaweza kuwa Mtaliano au Mjerumani, na Kiingereza chake ni cha kujifunza kama chetu. Anayekwenda kufanya kazi Muscat au Dubai atapokea maagizo kwa Kiingereza cha Mhindi na cha Mfilipino. Hivyo vyote ni Kiingereza halali cha kusikiliza, na rekodi zake kwenye masomo ya bure ni chache mno.

Pengo hilo tunaweza kuliziba wenyewe, na ninawaomba walimu wenzangu tulizibe. Kila aliye karibu na hoteli, hospitali au bandari anamfahamu mgeni mmoja au wawili wanaoweza kutupa dakika moja. Mpe hali halisi: amekosa boti ya saa tatu kwenda Dar es Salaam, anataka kubadilisha tiketi. Mkalishe na karani anayejua kazi, waachie wazungumze bila karatasi, rekodi kwa simu, andika maneno yake, tuma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mkirekodi, msimwambie mgeni aseme taratibu. Aseme kama anavyosema akiwa amechoka na jua, mizigo iko mgongoni, na foleni nyuma yake haisogei.